Mbegu za Nesi

Mama Nesi alilitoa lile kopo siku daktari wa macho alipomwambia kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata njia. Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu. Alipitiliza chumbani, akavuta kutoka mvunguni sanduku la nguo asizovaa tena, akapekua mpaka chini kabisa, kisha akaja sebuleni akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Akaliweka kopo mezani mbele ya mumewe, ambaye alikuwa anakata kucha. Lilikuwa kopo la biskuti lililozungushiwa utepe wa gundi uliokwisha kupauka.

"Fungua unisomee," alisema. "Ukimaliza, uzipande."

Mtaani mumewe aliitwa Karantini, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kituo cha karantini ya mimea, kitengo cha mbegu, kwenye banda la vioo. Mbegu zote walizonyang'anywa wasafiri zilimfikia yeye. Zenye karatasi za kibali alizipima, zisizo na karatasi alizichoma. Alichoma za wakubwa na za wadogo bila kuangalia sura. Aliwahi kuchoma maharage ya shemeji yake mwenyewe, maharage ya kula, na yule shemeji alikwenda kaburini hajamsemesha.

Ndani ya kopo mlikuwa na bahasha kumi na moja, zile ndogo za kutilia vidonge hospitalini. Kila moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Karantini aliuona mwandiko, na mkasi wa kucha ukamponyoka mkononi.

"Hizi umezipata wapi?"

"Zilikuja na nguo zake."

"Nilikuuliza siku ile. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, kuna mbegu humo? Ukasema hakuna."

"Nilisema uongo."

"Miaka kumi na tisa, Mama Nesi?"

"Ningesema kweli, ungefanya nini?"

Karantini aliokota mkasi, akaufunga, akaufungua tena. "Ningezichoma," alisema.

"Haya. Ndiyo maana."

Nesi alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliitwa hivyo tangu utotoni kwa kufunga kuku bandeji, na alipokua akawa nesi kweli, akapata kazi nchi za mbali, akaumwa huko wiki moja tu, akafa na kuzikwa hukohuko na wenzake wa zamu. Kilichorudi ni sanduku la nguo na barua ya matroni. Wazazi wake hawakuwahi kuliona kaburi, hata kwa picha.

Karantini alivaa miwani, akaanza kusoma. Bahasha ya kwanza ilisema mbegu zake zimetoka nyuma ya jengo la wagonjwa wa moyo, mti mfupi, ua jeupe. Ya pili, bustani ya kanisa. Mkewe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kila moja akiitikia "mm", kama mtu anayesomewa barua iliyofika jana. Ya kumi na moja ilikuwa na maneno mengi kuliko zote.

"Kando ya njia ninayopita kwenda zamu ya asubuhi," Karantini alisoma. "Mmea unatambaa. Ua zambarau, linafunguka kukicha, linafumba adhuhuri. Baba, nikirudi nitakuja nazo na karatasi zake zote. Tafadhali usinichomee."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Jicho hili daktari kalipa mwaka, labda na nusu," alisema Mama Nesi. "Nataka nilione ua alilokuwa akiliona mwanangu. Nikishaliona, hata giza lije."

"Zimelala miaka kumi na tisa. Huenda zimekufa zote."

"Basi nionyeshe kuwa zimekufa. Wewe si ndiye bingwa?"

* * *

Mbegu kuukuu haiamshwi kwa pupa. Karantini alilijua hilo kuliko wengi, na kwa wiki tatu meza ya kulia chakula iligeuka banda lake la vioo. Alikaa nayo mbegu moja moja, akaikwaruza ubavuni kwa kipande cha msasa laini mpaka ganda likawa jembamba, asiguse kiini. Akaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akazifunika kwa sahani. Kila asubuhi alifunua na kuhesabu maiti. Bahasha tisa zilitoa vumbi. Ya kumi mbegu zake zilivimba vizuri, siku ya nne zikaota ukungu na kunuka. Zilizokufa alizirudisha kila moja kwenye bahasha yake, maana mkewe hakutaka kitupwe kitu.

Ya kumi na moja ilikuwa na mbegu thelathini na mbili. Iliamka moja.

Aliipeleka uani ndani ya mkebe, baadaye akaihamishia chini ya dirisha la jikoni na kuifungia waya wa kupandia. Mtu aliyechoma mbegu miaka thelathini na moja hapandi ya kigeni akalala usingizi. Alijiwekea sheria. Ua likichanua, mkewe alitazame asubuhi yote. Adhuhuri likifumba, yeye alikate kabla halijashika mimba, alichome kwenye debe. Hakuna mbegu hata moja itakayotoka kwenye ua wa nyumba yake. Mmea nao ulikuwa na haraka zake, kwa wiki ulipanda kimo cha mtu, kwa hiyo kila Jumamosi aliupunguza, na yale mabua aliyokata aliyafagilia pamoja na majani makavu, akayasukuma nje ya ukuta, kwenye mtaro. Bua si mbegu. Kituoni habari za mabua na vipandikizi zilikuwa za kitengo kingine, jengo la pili, na watu wa mbegu hata chai hawakunywa nao.

Asubuhi ya ua la kwanza alimshika mkewe mkono, akamsogeza. Mama Nesi aliweka jicho la kulia karibu na lile ua mpaka kope zikaligusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Machozi yalimtoka, akayafuta upesi kwa sababu yalikuwa yanamzibia.

"Kumbe ndilo hili," alisema. "Kumbe kila asubuhi alikuwa anaanza na hili."

Tangu siku hiyo aliwekewa kiti chini ya dirisha. Mama huyu ambaye kwa miaka alikuwa akitoka nje kwa shughuli tu, sasa alikaa uani kuanzia alfajiri, akawa anamsimulia mumewe mambo ya Nesi ambayo wote wawili walikuwa wameacha kuyataja kwa kuogopana. Karantini alimsikia akicheka peke yake siku moja, na furaha aliyoisikia ilimwogopesha kidogo.

Hapo ndipo jirani yao Mama Vitunguu alipokuja kuomba tawi. Mama huyu alilima vitunguu bondeni, pale mtaro wa mtaa unapomwaga maji. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Mama Nesi, hilo ua limenikosesha usingizi. Nikatie tawi tu, nami nipambe kwangu."

"Samahani, mama. Hili halitolewi."

"Halitolewi vipi? Ni ua au ni cheti cha ndoa?"

"Baba Nesi kakataza."

Mama Vitunguu alimgeukia Karantini, naye akaangalia chini. "Mimi vitunguu vyangu nimewapa mara ngapi kwa mafungu," alisema yule mama, "leo nanyimwa jani. Sawa. Kaeni nalo." Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba nyumba ya Karantini ina choyo cha majani. Waliwahi kusemwa kwa mengi, lakini hilo liliwauma, kwa sababu walikuwa wananyima kwa kumkinga yeye yule anayewasema.

* * *

Masika yaliyofuata Mama Vitunguu alipiga hodi ya aibu. Mkononi alishika fundo la mabua ya kijani, marefu, yaliyoviringishwa kama kamba ya kisimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuja na kesi yangu, na ukitaka kunicheka nicheke. Mnakumbuka mlininyima tawi? Basi Mungu hanyimi. Mwaka jana nikaliona limejiotea lenyewe ukingoni mwa mtaro, kwenye matuta yangu. Nikafurahi, weweee! Nikalimwagilia, nikaliwekea fito. Nikasema, wakome, nami ninalo." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Sasa limenila. Matuta sita limeyafunika, vitunguu siwezi kuviona. Naling'oa leo, keshokutwa limerudi. Wewe ndiye bingwa wa mimea, na hapa kwako naliona limetulia tu kwenye waya wake. Nipe dawa."

Karantini alilipokea lile fundo. Aliyatambua yale mabua kabla hayajamfikia mkononi, kama mtu anavyoutambua mwendo wa mwanawe gizani. Kwenye kila kifundo cha bua palikuwa na vijizizi vyeupe, vibichi, vimetoka vyenyewe bila udongo.

"Hii," alisema, "hii ni ya mvua tu. Jua likiwaka itanyauka."

"Kweli?"

"Itanyauka."

"Afadhali. Maana nilishaanza kuogopa." Akaaga, akashukuru, akaondoka na imani yake yote.

Mama Nesi alikuwa kwenye kiti chake chini ya dirisha. Jicho la kulia sasa liliona mwanga na kivuli tu. "Umemwambia nini?" aliuliza.

"Nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alijibu Karantini, akaingia ndani.

Kesho yake alishuka bondeni. Hakuhitaji kuulizia. Mmea ulikuwa umefuata mtaro tangu nyuma ya ukuta wake mpaka matutani, hatua kama mia tatu, na popote maji yalipokwama palikuwa na kichaka. Alipofika kwenye vitunguu alichutama, akafuata bua moja kwa vidole. Kila kifundo kilikuwa kimetia mzizi. Alilikata kwa ukucha vipande vinne, akaona kwamba ametengeneza miche minne. Hakuona tunda hata moja. Hakuona mbegu. Maua aliyoyachoma adhuhuri kila siku kwa mwaka mzima hayakuwa na hatia yoyote. Yaliyokwenda kula jasho la mjane ni yale mabua ya Jumamosi. Bingwa mzima, na alikuwa amelinda mlango akasahau dirisha. Alikaa chini kwenye tope, akajiona mjinga kwa namna ambayo hakuwahi kujiona tangu azaliwe.

* * *

"Ni letu," alimwambia mkewe.

"Letu nini?"

"Lililoko kwa Mama Vitunguu. Limetoka hapa. Nimelipeleka mimi, kwa mkono huu, kila Jumamosi nilipokuwa nafagia."

Mama Nesi alinyoosha mkono, akagusa waya, akapanda na vidole mpaka akapata jani. "Unataka kumwambia."

"Nikimwambia, lazima kituo kijue. Na wakija hawatang'oa la kule peke yake."

"Basi usimwambie."

"Mama Nesi."

"Wenzangu wana makaburi. Wanakwenda, wanafagia, wanalia, wanarudi kupika. Mimi nina nini cha kufagia? Nina hili. Vitunguu vitapandwa vingine."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Karantini alikuwa mzazi pia. Hakubisha. Alitafuta njia ya katikati, kama wanavyofanya watu waoga: kila asubuhi alichukua jembe na ndoo, akashuka bondeni kung'oa. Mama Vitunguu alipomkuta mara ya kwanza alishika kifua.

"Mzee, umri huu? Umeacha kiti chako kuja kuninyoosha mgongo?"

"Jirani ni jirani."

"Na mimi niliwasema mtaa mzima. Mungu anisamehe."

Shukrani zile zilimchapa kuliko matusi. Aling'oa kwa uangalifu, akichambua udongo kwa vidole, akibeba kila kipande kwenda kuchoma. Lakini kilichobaki chini ya ardhi hakikuwa na haja ya ruhusa yake. Wiki ya tatu matuta yaliyofunikwa yalikuwa kumi na manane.

Asubuhi moja alipokuwa bondeni, Mama Vitunguu alipita nyumbani. Mama Nesi alisikia hodi, akasikia kitu kikiwekwa mapajani mwake.

"Nimemletea mzee vitunguu. Anajichosha bure pale, nikasema nisimle jasho lake."

Mama Nesi alivipapasa. Vilikuwa fungu kubwa la majani, lakini chini ya majani vitunguu vyenyewe vilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, laini, vimejaa maji.

"Mbona vichanga hivi?"

"Nimewahi kuving'oa. Ningeviacha vingenyongwa vyote."

"Umebakiwa na matuta mangapi?"

"Manne." Alisema kwa sauti ndogo ambayo Mama Nesi hakujua kuwa jirani yake anayo. "Kati ya ishirini na mawili. Lakini hewala, tumeona makubwa. Yule binti yangu mkubwa nimemwambia muhula huu akae kwanza nyumbani. Kalia siku mbili, sasa kanyamaza. Msalimie mzee."

Karantini aliporudi alimkuta mkewe palepale, vitunguu mapajani, amegeuza kiti na kuupa mmea mgongo.

"Nenda kamwambie," alisema Mama Nesi.

"Umetafakari?"

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sisi tumemchelea aliyekwisha kufa, tunamliza aliye hai. Nesi angekuwapo angenionea haya." Akamkabidhi lile fungu la vitunguu. "Nenda leo. Usiseme kesho. Kesho nitakukatalia."

Alimwambia matutani, amesimama, jembe mkononi, maneno yote kwa mpigo mmoja: mbegu, mabua, mtaro, uongo. Mama Vitunguu alimsikiliza bila kumkatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Siku ile nilipokuja kwako na mabua mkononi," alisema hatimaye, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Mzee. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na mimi kila asubuhi nakushukuru, unanyamaza." Aliinama akaokota beseni lake. "Vile vitunguu nilivyoleta mmeshavila?"

"Bado."

"Vileni. Ni haki yenu."

Akaondoka na beseni tupu kichwani.

* * *

Afisa mimea aliyetumwa kutoka kituoni alikuwa mama wa makamo, na Karantini alimjua tangu alipokuwa hajui kushika koleo. Yeye ndiye aliyemfundisha. Alikuja na watu wawili wa kuchimba na jalada la fomu, akasalimia kwa kupiga goti kidogo, akamwita Mwalimu kama zamani. Ingekuwa rahisi kama angekuja mtu mkali.

Walichimba chini ya dirisha la jikoni kina cha mkono mzima. Mama Nesi alisikiliza kila pigo la jembe. Mmea uliviringishwa ukatiwa kwenye gunia, na waya wa kupandia ukabaki umening'inia ukutani.

"Fomu inataka jina la aliyeingiza mbegu nchini," alisema afisa, kalamu ikiwa hewani.

"Andika mimi," alisema Karantini.

"Mwongo," alisema Mama Nesi. "Zilikaa kwangu. Niandike mimi."

Afisa aliwatazama, akaelewa kwamba kuna jina la tatu ambalo wazee hawa hawataki liandikwe mahali pa mkosaji. Aliandika la mwalimu wake. Kisha akasema taratibu, akitazama jalada, "Na zilizobaki, Mwalimu. Pamoja na bahasha."

"Mbegu zimekufa," alisema Mama Nesi upesi. "Chukueni mbegu. Bahasha ni karatasi tu, ni mwandiko wa mwanangu."

Afisa alisogea karibu na mzee, akashusha sauti. "Naweza kuandika kwamba bahasha hazikupatikana. Hakuna atakayeuliza."

Sheria ile aliiandika Karantini mwenyewe, ubaoni, mbele ya vijana thelathini: bahasha huchomwa pamoja na mbegu, kwa maana mbegu ndogo hujificha pembeni. Alichukua bahasha ya tatu, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye mkunjo wa chini. Kitu kidogo cheusi kikaangukia mezani, hakizidi chembe ya chumvi. Afisa alikiona. Mama Nesi hakukiona, lakini alisikia pumzi ya mumewe.

"Imo?" aliuliza.

"Imo."

Mama Nesi alikunja mikono mapajani.

"Basi nisomee kwanza," alisema. "Moja moja. Usiruke."

Alimsomea uani, wamekaa karibu na debe la moto, afisa na watu wake wakiwa wamesimama nje ya mlango kwa heshima. Jengo la wagonjwa wa moyo, mti mfupi, ua jeupe. Bustani ya kanisa. Ukuta wa nyuma wa soko. Kila alipomaliza moja, mkewe alisema "mm", naye akaitia motoni. Alipofika ya kumi na moja alisoma habari ya njia ya zamu ya asubuhi, akasoma rangi ya ua na saa za kufunguka, akasoma kwamba binti atakuja nazo na karatasi zake zote. Maneno mawili yaliyobaki hayakutoka. Mkewe aliyajua kwa moyo, na hakumwomba ayaseme. Alinyoosha mkono wake, wakaishika bahasha pamoja, wakaiachia.

Kabla ya kuondoka afisa aliwaeleza kilichobaki. Vipande vilivyo ardhini vitaendelea kuchipua. Kila masika watu wapite mtaroni na matutani, wang'oe kila kinachotokeza, wasikiache kitambae. Hiyo ni kazi ya misimu saba; wa saba ukipita bila kuonekana kitu, eneo litahesabiwa safi.

"Nitatafuta vibarua wa kituo," alisema.

"Hapana," alisema Karantini. "Ni kazi yetu."

* * *

Masika mengine yakaja. Alfajiri wazee wawili walishuka bondeni wameshikana mikono, mmoja na ndoo, mwingine na gunia la kupigia magoti. Mama Vitunguu alikuwa upande wa pili wa matuta, anapanda upya. Aliwaona. Hakuwasalimu, wala hakuwafukuza.

Mama Nesi hakuwa na jicho hata moja sasa, lakini kwa kazi hii hakuna aliyemfikia. Vidole vyake viliujua mmea ule tangu ukiwa na majani mawili. Alitambaa tuta hadi tuta, akipapasa, akitenganisha magugu ya kawaida na ya kwake, na pale mumewe mwenye miwani alipopita na kusema pako safi, yeye alikuta machipukizi matatu. Aliyang'oa na mizizi yake yote, polepole, akiyatingisha udongo, akayalaza kwenye ndoo.

Tuta la tano alikuta moja, akalishika, hakuling'oa. Karantini alisubiri. Jua lilikuwa limeanza kupanda na upande wa pili jembe la Mama Vitunguu lilikuwa limenyamaza.

"Lina nini?" aliuliza Karantini.

"Lina kitumba. Kesho asubuhi lingechanua."

"Nisaidie?"

Alitikisa kichwa.

"Mzazi huzika mtoto mara moja, Baba Nesi," alisema. "Mimi nilinyimwa hata hiyo moja. Sasa nimepewa saba."

Akalishika chipukizi chini kabisa, karibu na mzizi, akavuta mpaka likatoka lote. Karantini akamsogezea ndoo.